Kuku Gani kwa Nyumba Yenye Watoto?

Banda la Uani: maswali ya wasomaji. Anajibu Mama Veterineri wa Kamalondo.

Likizo kubwa inakaribia na barua za mwezi huu zinafanana: wazazi wanataka mayai, watoto wanataka kuku wa kushika mkononi, na palseli, yaani kiwanja cha nyumba, ni ndogo. Nimechukua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna maswali ya wengine wengi. Usipoiona yako, isome hiyo.

SWALI: Jambo Mama. Niko na watoto watatu, mkubwa ana miaka tisa, wa mwisho miwili na nusu. Palseli yetu ya Katuba imejaa. Nyuma ya jiko pamebaki mita nne kwa tano, chini ya mwembe. Bwana yangu amekubali kuku wasiozidi sita. Dada yangu aliye Ubelgiji amenitumia orodha ya kuku wapole kwa watoto: Silkie, Cochin, Brahma na Orpington. Binti yangu amekwisha kubandika picha ya Silkie ukutani. Je, wanafaa hapa Lubumbashi? Kama hawafai, nichukue gani? Nataka mayai, na sitaki kuku wa kudonoa mtoto. (Mama wa Watatu, Katuba)

JIBU: Mama, dada yako hakukudanganya. Wote wanne ni wapole, ukimpakata mmoja anatulia. Lakini orodha hiyo iliandikiwa watu wenye majani uani. Wewe uko Katuba, na udongo wetu unaujua.

Nianze na Silkie, maana ndiye aliye ukutani. Ni kuku wa zamani sana wa China. Marco Polo, katika karne ya 13, alisimulia habari za kuku wa huko wenye manyoya kama ya paka. Ngozi yake ni nyeusi, na mguuni ana vidole vitano wakati kuku wengi wana vinne. Mtoto gani hatampenda? Shida ni kwamba manyoya yale hayazuii maji. Mvua zetu zikishika kuanzia Novemba, chini ya mwembe wako patakuwa tope tupu hadi Machi. Silkie akinyeshewa analowa mpaka ngozini, anatetemeka, anaugua. Mayai yake ni madogo na si mengi, na kila mara anataka kuatamia, hapo kutaga kunasimama.

Cochin na Brahma wana manyoya hadi vidoleni. Tope linaganda pale, kinyesi kinajichanganya humo, na utitiri wa miguu unapata maficho. Utakuwa unaosha miguu ya kuku kabla ya kuosha ya watoto. Orpington hana shida hiyo ya miguu. Alitengenezwa Uingereza mwaka 1886 na William Cook, katika kijiji cha Orpington, Kent, na ni mnene, mzito, mvivu wa kuruka. Usiku wa Juni na Julai, sisi tukivaa makoti, yeye yuko raha. Ngoja Oktoba, kabla mvua haijashuka: utamkuta mdomo wazi, mabawa ameyaachia, hataki hata kula.

Kuna jambo jingine ambalo orodha za namna hiyo haziligusi. Kuku hufa, hata kwa mfugaji hodari. Ukibahatika kumpata Silkie hapa mjini, utakuwa umempata kwa mtu anayewafuga kwa kujifurahisha, kwa bei ya kujifurahisha. Akifa, mwenzake utamtoa wapi? Mimi huwauliza wazazi hivi kabla hatujafika kwenye upole: kuku huyu akienda, utampata mwingine kabla mtoto hajamaliza kulia?

Kwa hiyo nakuelekeza kwa ndugu wa Orpington, yaani Australorp mweusi. Orpington weusi walipelekwa Australia, na wafugaji wa kule wakawa wanachagua wale wanaotaga zaidi. Mwaka 1922 hadi 1923 mitetea sita wa aina hiyo walitaga mayai 1,857 katika siku 365, sifa zikaenea. Usingoje maajabu hayo kwa pumba na ukoko wa bukari (ugali). Lakini ni mtagaji mzuri wa mayai ya kahawia, upole wa ukoo wake umebaki, na joto analivumilia kuliko Orpington. Kusini mwa Afrika wamemzoea. Malawi serikali ilimsambaza vijijini miaka mingi iliyopita ili achanganyike na kuku wa kienyeji, na Zambia na Zimbabwe wanamjua vizuri. Sisi tulio jirani na Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hatuko mbali naye. Ukimtuma mtu avuke kumtafuta, mwambie arudi na karatasi ya veterineri, wasije wakamzuia na kuku mpakani.

Jihadhari, maana wauzaji wengine wanamwita kila kuku mweusi Australorp. Mshike, mgeuze, mwangalie unyayo. Wa kweli ana mguu wa kijivu kizito au mweusi, lakini chini ya unyayo na kwenye kucha ni mweupe. Jicho lake ni la giza, kilemba ni kimoja, kimesimama, chekundu, na manyoya yakipigwa na jua yanatoa kijani. Ukiona unyayo wa manjano, huyo ni mchanganyiko. Anaweza kuwa kuku mzuri tu, ila usilipe bei ya Australorp.

Usipompata, chukua kuku wekundu wa mayai wanaofugwa kwenye mashamba ya mayai. Habari zao nimeziweka kwenye barua inayofuata. Plymouth Rock mwenye mistari naye ni mtulivu. Rhode Island nyekundu majike yake ni imara na yanataga vizuri. Madume yake siwaamini karibu na watoto. Leghorn mweupe anataga sana na kula kidogo, lakini ni mwoga, mtoto akipiga kelele tayari yuko juu ya ukuta wa jirani. Kuchi muache kwa wapenda mapigano. Na kuku wetu wa kijijini? Nampenda, anajua kujitafutia na hachagui chakula. Lakini akishakuwa koo mwenye vifaranga ni mama mkali, na mtoto wako wa miaka miwili na nusu macho yake yako pale pale mdomo wa kuku unapofika. Ungoje akue kwanza.

Bwana yako amesema sita. Mimi nasema anza na wanne, wote majike. Mayai yanatoka bila jogoo. Nalirudia hilo kila mwaka na kila mwaka kuna anayebisha. Jogoo anahitajika ukitaka vifaranga tu. Katuba nyumba zimeshikana, na jirani anayeamshwa saa kumi usiku hasahau. Mitetea wanne wenye afya, wakishazoea, watakupa mayai mawili hadi matatu kwa siku. Kila mmoja anakula gramu 110 hadi 120 za provande (chakula cha kuku cha dukani), karibu nusu kilo kwa wote wanne kwa siku, kilo kumi na tano kwa mwezi. Chukua bei ya provande ya sokoni kwako, chukua bei ya plato (trei) ya mayai, piga hesabu kabla hujajenga. Mabaki ya bukari, lengalenga na matembele yatasaidia, lakini mtetea anayelishwa bukari peke yake atanenepa na hatataga. Maganda na mbegu za avoka usiwatupie kabisa, ni sumu kwao. Maharage mabichi vilevile.

Banda la wanne lisipungue mita moja ya mraba ndani, na likiwa kubwa zaidi ni afadhali. Weka mti wa kulalia wenye sentimita 25 kwa kila kuku na kiota kimoja au viwili vyenye giza kidogo. Lijenge karibu na dirisha la chumba mnacholala. Sababu unaijua: hapa mjini adui wa kuku ana miguu miwili.

Nunua mitetea waliofikisha wiki kumi na sita hivi, waliokaribia kutaga. Vifaranga wa siku moja wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, na umeme ukikatika usiku wa Julai utaamka uwashe mbabula (jiko la makaa) ndani ya nyumba, jambo ambalo kwa moshi wake linaua watu, sembuse vifaranga. Kisha mtoto mdogo akimpenda kifaranga humkaza, na kifaranga hakazwi.

Upole wenyewe nusu yake ni aina ya kuku, nusu ni mkono unaomlisha. Wiki ya kwanza usiwaache watoto wawakimbize. Mkubwa akae kwenye kigoda kila jioni, kiganja wazi, na vipande vya kapenta mkavu. Anyamaze. Siku chache kuku watakuja wenyewe, na baadaye ataweza kumbeba mmoja: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine umeshika mabawa yasipige. Huyo wa miaka miwili na nusu ashike akiwa na mtu mzima tu, na asimbusu kuku. Kuku mzima wa afya anaweza kubeba salmonela bila dalili yoyote, na watoto walio chini ya miaka mitano ndio inaowaumiza zaidi. Maji na sabuni viwe mlangoni, na viatu vya bandani visiingie jikoni.

La mwisho kwako ni chanjo ya Newcastle. Bila hiyo usinunue kuku hata mmoja. Ugonjwa huo unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache, na dawa ya kuutibu hakuna. Chanjo ya tone la jicho inarudiwa kila miezi mitatu au minne. Mpe binti yako wa miaka tisa kalenda aitunze. Kichupa kimoja ni cha kuku mia au zaidi, na kikishachanganywa hakilali, kwa hiyo alikaneni majirani mchange. Wanaotumia ile ya kuweka kwenye maji wasichukue maji ya bomba moja kwa moja, kwani klorini inaua chanjo. Tumieni maji ya mvua au ya kisima safi, na kuku wayamalize ndani ya saa mbili.

SWALI: Mama Veterineri, shemeji yangu ana shamba la mayai na anauza kuku wa reforme, yaani watagaji waliozeeka wanaoondolewa shambani, kwa bei ndogo. Nimechukua watano, wekundu. Mapasa (mapacha) wangu wa miaka saba wamekwisha wapa majina. Mke wangu anasema hawa ni wa sufuria. Tufanyeje? Na bado watataga? (Papa Mapasa, Kampemba)

JIBU: Papa, umeleta mambo mawili, la kuku na la nyumba. La kuku ni jepesi.

Hao wekundu wako kwa kawaida ni ISA Brown, aliyetolewa Ufaransa mwaka 1978, au Lohmann Brown wa Wajerumani. Ni mchanganyiko uliotengenezwa kwa ajili ya mayai, na mwaka wa kwanza anapita mayai 300. Kwa watoto sijui kuku rahisi kuliko huyu. Amezoea watu tangu siku ya kwanza, anafuata miguu yako uani, anachungulia ndani ya kila ndoo, na haatamii, kwa hiyo hana ukali wa koo. Mwenye shamba anamuuza akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi kwa sababu mayai yamepungua na faida yake imekwisha. Kwako wewe, mayai matatu au manne kwa wiki si haba.

Ila ujue umenunua mfanyakazi aliyechoka. Mifupa yake imetoa chokaa kwa ajili ya maganda ya mayai hayo yote, kwa hiyo watoto wasimwangushe kutoka mikononi. Mpe provande ya kutagia yenye chokaa ya kutosha, na maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa kwenye kopo la pembeni ajichukulie. Kama alitoka kwenye kizimba, hajui kulala juu ya mti; uweke chini, sentimita thelathini, ajifunze. Manyoya yaliyonyonyoka yatarudi. Kama una kuku wengine, watenge wageni kwa wiki mbili kwanza. Na usishangae mmoja akianza kuinama, tumbo limejaa maji, hataki kula. Kuku waliotaga sana hupata ugonjwa wa mirija ya mayai, na mara nyingi hawaponi. Waambie mapasa mapema kwamba kuku hawa ni wazee.

La nyumba ni gumu zaidi. Mimi wateja wangu nawaambia hivi: kuku mwenye jina haingii sufuriani. Mkitaka kula, tengeni wawili wasio na jina tangu siku ya kwanza, na watoto wajue. Wewe umechelewa, majina yameshatoka. Mke wako ana haki ya kukasirika, kwa hiyo mnunulie kuku mwingine wa kupika, na wa reforme nyama yake ni ngumu hata hivyo, inataka makaa mengi. Ukimchinja mwenye jina Jumapili watoto wako kanisani, wataona mezani, maana mtoto wa miaka saba anajua kuhesabu hadi tano.

SWALI: Jogoo wetu anamrukia mtoto kila anapokwenda chooni. Baba ya watoto anasema tusimguse, ni mlinzi wa palseli. (Mama Mchanga, Ruashi)

JIBU: Dada, mlinzi wa palseli anarukia wezi. Huyo anarukia mtoto, na kucha ya nyuma ya mguu wa jogoo mzima inatoboa.

Pora wengi huanza ujeuri wakipevuka. Anashusha bawa moja, anakuzunguka kwa ubavu kama anacheza ngoma, kisha anaruka. Wengine wakibebwa na mtu mzima kila siku, bila kupigwa, hutulia. Kumpiga teke kunamfundisha kwamba ni vita kweli. Lakini mtoto akiwa mdogo mimi sijaribu. Jogoo mkali pia huzaa wana wakali, kwa hiyo usimweke hata kwa mbegu. Mpike na nyanya na vitunguu, moto mdogo, taratibu. Firigisi mpe Baba ya watoto, kama kawaida, na mlinzi wake atakuwa amempata.

SWALI: Sisi tunakaa upande wa Penga Penga. Watu wanasema kuku wa huku mayai yao si mazuri kwa watoto kwa sababu ya moshi wa zamani wa kiwanda. Ni kweli, au ni maneno ya watu wanaouza mayai? (Msomaji, Lubumbashi)

JIBU: Ni kweli, na nashukuru umeuliza, kwa sababu wauza kuku hawatakuambia.

Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha mji huu kilianza mwaka 1911, na lile bomba lake refu lilitoa moshi kwa miongo mingi. Upepo wetu mwingi unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo vumbi lake liliangukia kaskazini-magharibi, upande wenu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wameupima udongo wa huko: una shaba, zinki, kadimi na madini ya risasi kupita kiasi. Mmeona wenyewe sehemu ambazo hata majani yanakataa kuota. Moshi umepungua, lakini risasi haiozi wala haitoki na mvua.

Kuku anakula udongo. Kila akichakura anameza mchanga, na risasi inaingia kwenye mifupa yake na kwenye kiini cha yai. Kuku mwenyewe anaonekana mzima, yai lina rangi nzuri, na kulichemsha hakusaidii chochote. Mtoto ndiye anayeumia, kwa sababu risasi kidogo tu inaharibu ubongo unaokua. Kwa hiyo kwenu aina ya kuku siyo ya kwanza kufikiria. Australorp au mwekundu wa mayai, yeyote akichakura udongo ule atabeba kile kile.

Hiyo haina maana msifuge. Fugeni kuku asiyegusa ardhi. Mwaga saruji, mita mbili kwa mbili zinatosha mitetea wanne wasiotoka, weka juu yake maranda ya mbao kutoka kwa seremala, unene wa kiganja, uyabadilishe yakilowa. Chakula na maji vining'inie, visiwekwe chini. Kokoto ndogo za kusagia chakula zinunue au uzitoe mbali na mji. Mboga za kuwapa zioteshe kwenye magunia yenye udongo wa kutoka nje ya eneo lenu, uzioshe kabla ya kuwapa. Paa liwe na ukingo wa kutosha, upepo wa kiangazi usilete vumbi la njiani ndani ya maranda. Kuku wa kienyeji hatapenda maisha hayo, atajigonga siku nzima akitafuta njia. Wekundu wa mayai wanayavumilia vizuri, wamezaliwa humo. Kama saruji haipatikani mwaka huu, nunueni mayai sokoni kwanza, na kuku mlio nao sasa msiwape watoto mayai yao.